Sufuria ya Muthokoi na Makala Elfu Nne

Kisa hiki kilianza na maji. Mkazi wa Njiru haambiwi mara mbili habari za maji. Kwa hiyo Jumatano ile ya Februari 2025, meseji ilipoingia kwenye grupu ya ukoo saa moja usiku, ikisema kwamba mifereji ya Njiru, Ruai, Chokaa na Mihang'o itakauka kwa siku saba kuanzia alfajiri, hakuna aliyeuliza swali nyumbani kwetu. Baba watoto alivaa tena viatu ambavyo ndiyo kwanza alikuwa amevivua. Mimi nikatoa shilingi 1,500 kwenye bahasha ya matumizi ya wiki. Binti yetu akakusanya mitungi, na kitinda mimba akapewa kazi ya kumulika ngazi kwa tochi, maana taa ya ghorofa ya pili iliungua tangu Krismasi.

Tunakaa ghorofa ya nne, ploti iliyo ndani kidogo kutoka Kangundo Road, upande ambao malori ya mawe hupita yakitoka machimboni na kuacha vumbi jeupe juu ya nguo tulizoanika. Mkokoteni wa maji haupandi ngazi. Mitungi 30 ya lita 20, kila mmoja shilingi 50, ilipandishwa kwa mikono. Tulijaza lile pipa la bluu, tukajaza mabeseni, sufuria na ndoo za kufulia, hadi karai la kuogeshea mtoto ambalo halikuwa limeguswa kwa miaka sita. Karai hilo lilikuwa na ufa. Kufikia saa tano usiku maji yalikuwa yamepita chini ya kochi na kulowesha godoro la mama mkwe, aliyekuwa amefika kutoka Kangundo siku mbili tu nyuma kuja kutibiwa macho.

Alfajiri mfereji ulitoa maji. Ulitoa mchana, ukatoa Ijumaa, ukatoa Jumamosi. Nilimwonyesha keateka ile meseji akaisoma polepole, kisha akanirudishia simu. "Hii ni ya mwaka juzi, mwalimu," aliniambia. "Naikumbuka kwa sababu ndio mwezi niliokuja kazi hapa."

Jambo hilo lilinikaa moyoni kuliko hasara ya zile pesa. Aliyeiandika meseji hakuwa mwongo. Siku aliyoiandika ilikuwa ya kweli na ilimfaa jirani. Kilichokosekana ni tarehe. Pembeni mwake ilikuwa na vile vishale viwili vya WhatsApp, alama ya kwamba imepita mikono mingi. Wenye programu ile walipunguza kasi ya kufowadi tangu Januari 2019, watu watano kwa mkupuo, na Aprili 2020 wakaongeza kwamba ujumbe uliozunguka sana utumwe kwa mtu au grupu moja tu kwa wakati. Lakini shangazi anayewapenda watu wake atautuma kwa mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Upendo hauna haraka.

Jumapili shemeji yangu alikuja kumjulia hali mama yake. Yeye ni fundi wa kompyuta mjini, Luthuli Avenue, na ndiye tunayemkimbilia mitambo ikitugomea. Alikuta godoro limeegemezwa ukutani kwenye roshani, akauliza, akasimuliwa. Hakucheka. Alivuta kiti akakaa.

"Shemeji, ninyi hapa mnasoma kwa kurushiwa," aliniambia. "Anayerusha ndiye anayechagua, na ndiye anayepanga saa. Mbona msiende kuchukua wenyewe?"

Akafungua tarakilishi yake ya mkononi juu ya meza, katikati ya vikombe vya chai, akaweka anwani ambayo mimi sijawahi kuiona. Kurasa za habari ninazozijua mimi huwa na picha, rangi na matangazo yanayorukaruka. Hapa palitokea maandishi matupu, yamejipanga kama orodha ya wanafunzi darasani. Ulikuwa mlisho wa BBC Swahili. Kila habari ilikuwa na mistari yake michache tu: kichwa, kiungo cha kwenda kwenye makala yenyewe, muhtasari wa sentensi moja au mbili, na tarehe. Tarehe ilikuwa kamili: siku, mwezi, mwaka, saa, dakika na sekunde, kwa saa za Greenwich. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa darasa la nne, alipoambiwa aongeze saa tatu ili apate saa za Nairobi, alipata kazi ya kufanya jioni nzima. "Mama, hii ya 04:12 ni ya saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi! Tulikuwa tunakunywa uji!"

Shemeji alitueleza kwa mfano wa ofisi ya chifu. Nje ya ofisi ya chifu kuna ubao, na kila tangazo linalobandikwa pale lina tarehe. Ukitaka kujua jipya unakwenda mwenyewe kutazama. Sasa kama kuna mbao 20 katika miji 20, huwezi kuzizungukia zote kila siku, kwa hiyo unamtuma mtoto mwenye mbio. Anapita kila ubao, anatazama lililoongezwa tangu jana, anakuletea hayo tu, amepanga la karibuni likiwa juu. Ubao ndio mlisho, yaani RSS, na mtoto ni programu ya kusomea. Ubao haukujui wewe ni nani. Hauna haja ya jina lako wala namba yako ya simu, na haukupangii jambo la kukukasirisha liwe la kwanza ili usiondoke pale. Mtoto naye anatumwa na wewe, na siku ukisema ubao fulani basi, haendi tena.

Binti yetu, aliyekuwa Gredi ya 9, alikuwa amekaa pembeni akijifanya hasikilizi. Alisogea shemeji alipogusia historia. Mlisho wa kwanza wa aina hii ulitolewa na kampuni ya Netscape kule Marekani, Machi 1999. Desemba 2000 ikatoka namba 1.0, na miongoni mwa waliotajwa kuwa waandishi wake alikuwamo kijana Aaron Swartz, mwenye umri wa miaka 14.

"Kumi na minne?" binti akauliza.

"Kumi na minne."

Tangu dakika hiyo kazi ilikuwa yake.

Shemeji mwenyewe aliijua RSS hapahapa Nairobi, kwa njia ambayo sikuitarajia. Mwaka 2007 alikuwa akihudumu katika saiba moja ya Buruburu, shilingi kwa dakika. Miaka mitatu kabla, mwaka 2004, Daudi Were alikuwa ameanza kuwaunganisha Wakenya walioandika blogu, na baadaye katika Kenya Unlimited maandishi yao yakawa yanakusanywa mahali pamoja kwa njia ya milisho, mapya juu, ya zamani chini. Mteja wa saiba hakuhitaji kukumbuka anwani 50. Alifungua ukurasa mmoja, akasoma walichoandika watu wa Nairobi, Kisumu na Mombasa na Wakenya walio ng'ambo, akalipa shilingi zake kumi akaondoka. Kisha ikaja tarehe 30 Desemba 2007. Matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa, serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, televisheni na redio zikabana sauti. Wiki zile, asema, watu walijaa saiba kutafuta walichoandika wanablogu kama Ory Okolloh, na mwezi uliofuata, Januari 2008, Okolloh na wenzake wakaanzisha Ushahidi ili wananchi waripoti wenyewe yanayotokea walipo. "Usidhani haya ni mambo ya kigeni, shemeji," aliniambia. "Sisi tuliyahitaji mapema."

Basi siku hiyo tukawekewa programu ya bure kwenye simu ya baba watoto, kwa kuwa ndiyo yenye nafasi. Zipo nyingi: Feeder ya simu za Android, NetNewsWire ya wenye iPhone, Feedly na Inoreader za kusomea mtandaoni. Tulianza na milisho minne. Shemeji alipoondoka alisema, "Ongezeni kidogokidogo." Namkumbuka amesimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, akilirudia neno hilo.

Baba watoto ni mtunza stoo kule Industrial Area. Katika stoo hakuna kitu kinachoitwa kingi mno. Pana nafasi, weka. Na binti naye alikuwa amegundua ufunguo: tovuti nyingi, hasa zilizojengwa kwa WordPress, ukiongeza mkwaju (/) na neno feed mwishoni mwa anwani, mlisho unajitokeza. Chaneli za YouTube nazo zina mlisho. Hata kurasa za Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, kila moja ina mlisho wa mabadiliko yake, ukaona nani amerekebisha nini kwenye ukurasa wa Nairobi na saa ngapi. Baba na binti walikaa bega kwa bega jioni tatu mfululizo. Nilifurahi kuwaona hivyo, kwa sababu tangu aanze Gredi ya 9 walikuwa hawazungumzi ila kuhusu karo na nauli. Jumatano usiku walihesabu: milisho 163. Kandanda ya Ligi Kuu ya Kenya, bei ya mahindi, ufugaji wa kuku, mapishi ya Zanzibar, elimu ya nyota, siasa za Kongo, pikipiki za umeme, mashairi, zabuni, magari ya zamani. Waliiruhusu programu kuvuta kila makala nzima pamoja na picha zake, kila saa moja, hata kwa bando ya simu, ili baba asome ndani ya matatu foleni ya Kangundo Road ikikaza.

Alhamisi asubuhi bando ya mwezi mzima ilikuwa imekwisha.

Mwalimu wa sayansi alikuwa ametaka mradi wa wanafunzi utumwe kabla ya saa mbili. Binti alisimama sebuleni amevaa sare, hotspoti ya babake imekufa, machozi yanamlengalenga. Nilimpa simu yangu, mradi ukatumwa, lakini ugomvi ulikuwa umeshaanza, na siuhadithii hapa kwa kuwa maneno mengine yalikuwa yangu. Jioni binti alikuja na karatasi. Alikuwa amepiga hesabu. Faili la mlisho wenyewe ni jepesi mno, mara nyingi halifiki kilobaiti mia. Kilichotumaliza ni makala nzima na picha. Milisho 163, angalau makala 20 kila mmoja, megabaiti mbili na nusu kila makala: hiyo ni zaidi ya gigabaiti nane. "Hatukuibiwa bando, Mama. Tuliagiza sisi." Nilimpenda sana kwa sentensi hiyo ya pili. Wakabadilisha mipangilio: mlisho uvutwe mara moja kwa siku, muhtasari tu, picha zisipakuliwe, makala nzima iletwe pale tu mtu anapoibonyeza. Tangu hapo hatujawahi kukatikiwa na bando kwa sababu ya kusoma.

Ila tatizo kubwa zaidi lilikuwa limeshaingia ndani, nalo lilikuwa namba. Kwenye pembe ya juu ya ile programu kuna hesabu ya makala ambayo hayajasomwa. Siku ile ilikuwa 4,816. Baba watoto, mtu wa stoo, hawezi kulala akijua kuna bidhaa zimeingia na hazijakaguliwa. Akaanza kusoma ili kuipunguza. Alisoma akila, akasoma akinyoa ndevu, akasoma kitandani hadi saa saba usiku. Usimwulize alichosoma, maana hakukumbuka. Alikuwa akipitisha kidole tu, makala baada ya makala, na kila alfajiri mengine 300 yalikuwa yameingia. Nilimwona mume wangu amepata deni ambalo hakuna aliyemkopesha.

Mama mkwe hakusema neno. Jicho lake la kulia lilikuwa limetolewa mtoto wa jicho na lilikuwa limefungwa bandeji, na siku hizo alikuwa akitusikiliza zaidi kuliko kututazama. Jumamosi aliamua atupikie muthokoi. Kwa asiyejua: ni mahindi yaliyokobolewa maganda, yanalowekwa, yanachemshwa na maharagwe kwa saa nyingi, na yanataka mtu wa kuyaangalia na kuyaongeza maji kwa kiasi. Mahindi yale aliyakoboa mwenyewe kwa kinu huko Kangundo, kabla jicho halijazidi, akayabeba kwenye kiondo hadi Njiru. Jiko la makaa liliwashwa kwenye roshani saa mbili asubuhi. Saa tano mimi nilishuka stage kununua nyanya na dania, watoto wakatoka na mama mkwe, Susu wao, kwenda maombi, na sufuria ikaachiwa baba watoto. "Nusu saa tu," nilimwambia, "halafu ongeza maji."

Nilinusa moshi nikiwa ghorofa ya pili. Jirani wa mkabala alikuwa anagonga mlango wetu kwa nguvu. Baba watoto alikuwa kwenye kochi, mgongo kwa roshani, simu mkononi. Alikuwa amefika 3,902. Nilipokimbilia jikoni na kurudi na kitambaa, mahindi ya chini yalikuwa yameshikana na sufuria, meusi kama lami, na yale ya juu yalikuwa yamenywa moshi wote. Huwezi kuokoa muthokoi iliyoungua. Harufu huingia hadi ndani ya punje. Sufuria ile, zawadi ya harusi yetu, niliisugua kwa mchanga na maji ya limau siku tatu, na mpaka leo ina doa chini lenye umbo la figo.

Susu alirudi, akanusa, akaelewa. Aliketi. Sisi sote tulisimama. Mume wangu, mtu wa miaka 44, alisimama mbele ya mamake mikono nyuma kama mtoto wa shule.

"Mwanangu," alisema, "hao watu elfu nne, wewe unadaiwa nini nao?"

Hakuwa na jibu.

"Niletee ungo."

Ungo ule alikuja nao, wa kuchagulia maharagwe. Hakuutaka kwa kuchagua chochote. Nadhani alitaka tu mikono yake iwe na kitu. Aliuweka mapajani akamwambia binti asome majina ya milisho, moja moja, kwa sauti. Kwa kila jina aliuliza maswali mawili. La kwanza: katika wiki hii, huyu amekuletea nini ulichomsimulia mtu? La pili: akinyamaza mwezi mzima, utamtafuta? Jibu likiwa kimya, alifanya ishara ya kupepeta, na binti akabonyeza kufuta. Ilichukua muda mrefu. Magari ya zamani yakaondoka. Zabuni zikaondoka zote. Mapishi ya Zanzibar yalibaki, kwa sababu nilikuwa nimewasimulia juu ya namna ya kutia iliki katika mandazi, na nilijisikia kama niliyefaulu mtihani. Kuhusu mlisho mmoja wa siasa baba watoto alijitetea sana. Susu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Ukimsoma unakuwa mtu gani?" Akatazama chini. Ukafutwa.

Kutoka 163 tulibaki na 17. Kisha binti akaonyesha kitufe cha kutia alama kwamba yote yamesomwa. Akaweka kidole cha babake juu yake. Makala karibu elfu nne yalitoweka kwa mguso mmoja. Tulikula mkate na chai mchana huo, na mume wangu akalala usingizi wa saa tatu, mlango wa roshani ukiwa wazi moshi utoke.

Nimeyafikiria sana maswali yale mawili. Mimi nafundisha Kiswahili, na kila muhula nawaambia wanafunzi wasome, wasome, wasome. Sikuwahi kuwaambia kuchagua ni sehemu ya kusoma. Mtandao wa kijamii hauna mwisho. Unavuta kwa kidole, unakuja mwingine, na mashine ndiyo iliyopanga nini kifuate. Mlisho una mwisho. Kwetu ni makala kumi hivi kwa siku. Ukimaliza, programu inakuonyesha ukurasa mweupe, na hapo unainuka unakwenda kuosha vyombo. Hii ndiyo tofauti ninayoitetea kwa nguvu zangu zote, zaidi hata ya suala la uongo na ukweli. Kwa maana lazima niseme: mlisho hauthibitishi kitu. Mwongo naye anaweza kuwa nao, na tarehe kamili akaiweka. Unachokuhakikishia ni kwamba unajua nani amesema, lini, na kwamba ni wewe uliyemwita aseme.

Wala si kila kitu kinapatikana kwa njia hii. Habari za maji ya Njiru, zilizotuanzishia safari yote, mpaka leo tunamuuliza keateka. Magazeti mengine hutoa vichwa tu, mengine hayana mlisho kabisa au yameuficha mahali ambapo mtu wa kawaida hataupata. Hapo unaachana nayo, au unayatembelea mwenyewe siku moja kwa wiki kama unavyomtembelea mgonjwa.

Susu mwenyewe hakubaki mikono mitupu. Kusoma hawezi, jicho la pili likisubiri zamu yake. Binti alimweleza kwamba vipindi vya sauti, hizi podikasti wanazosikiliza vijana kwenye matatu, navyo husafiri ndani ya mlisho uleule: kando ya kichwa na tarehe kunawekwa kiungo cha faili la sauti. Akamwekea vya Idhaa ya Kiswahili ya Ujerumani, DW. Susu anaijua idhaa hiyo tangu ujana wake, kwenye redio ya mbao ya marehemu mumewe, ikitaka uikamate saa yake au uikose. Sasa anaikamata saa atakayo yeye. Ikifika sehemu asiyoitaka anamwambia mjukuu, "Pitisha." Anapitisha.

Juni baba watoto aliinama kuchota maji kwenye pipa la bluu, na simu ikateleza kutoka mfuko wa shati ikazama. Tuliitia kwenye mchele siku mbili bila mafanikio. Nilidhani tumerudi mwanzo. Binti aliingia chumbani akatoka na flashi. Shemeji alikuwa amemfundisha jambo ambalo yeye alilijifunza kwa uchungu tarehe 1 Julai 2013, siku Google walipofunga Reader, programu waliyoianzisha mwaka 2005 na ambayo yeye aliitegemea kila asubuhi. Waliokuwa wamehifadhi orodha ya milisho yao kwenye faili dogo la OPML walihamia kwingine jioni ileile. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi binti yetu huhifadhi orodha. Alichukua simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, akaweka programu nyingine kabisa, akaipa lile faili. Kabla chai haijapoa milisho yote 17 ilikuwa mahali pake.

Siku hizi tunasoma saa mbili usiku, meza ikishafutwa. Simu inashikwa na mmoja kwa zamu, anasoma vichwa kwa sauti, anayetaka makala anainua mkono. Jana ilikuwa zamu ya kitinda mimba. Yalikuwepo makala tisa. Alitaja kila moja na saa yake ya Nairobi, akiwa ameshaongeza tatu kichwani. Tulisoma manne. Lililotuchukua muda mrefu lilitoka Global Voices kwa Kiswahili, na lilizua mjadala kati ya baba na binti hadi tukasahau kuingiza nguo.

Ninyi mnaohariri magazeti, redio na blogu za Kiswahili, mkiwa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au ng'ambo, ombi langu kwenu ni dogo. Msiuzime mlisho wenu mnapojenga tovuti mpya. Uwekeni mahali panapoonekana, na tarehe iwe kamili. Huku Njiru ghorofa ya nne tunausoma, na saa mbili usiku huwa tunawangoja.